Tulifunga Dirisha Ili Tusikie Simu

Kuna watu hapa Kigali wanaodhani kwamba jambo wasilolipiga picha halikutokea. Nawacheka sana watu hao, na nawacheka nikiwa nimeshika simu, maana lazima kwanza nione wameposti nini ndipo nipate cha kucheka.

Nina cherehani yangu Nyamirambo, katika chumba kinachotazama barabara, chini kidogo ya msikiti. Nashona mishanana, yale mavazi yetu ya sherehe yanayofungwa begani, nashona na magauni, sare za shule, na kanzu Ramadhani ikikaribia. Zamani nilishona nikisikiliza redio. Redio ilikuwa na adabu. Ilisema habari zake ikamaliza, wala haikukuambia shoga yako jana alikula nini na nani. Siku hizi simu inakaa mbele yangu imeegemea rundo la nyuzi, na kila nikimaliza mshono mmoja naisukuma kwa kidole. Nani yuko wapi. Nani kavaa nini. Na lile gauni, Mungu wangu, kalishona nani, maana mimi sikulishona.

Hapo ndipo panaponiuma. Nina mteja wangu wa siku nyingi, mama mmoja wa ofisi za Kiyovu, anayenijia na nguo za kupunguza kiuno na kuniita mama yake kabisa. Jumamosi moja naingia mtandaoni namkuta kasimama katika bustani ya hoteli, amevaa mshanana wa rangi ya dhahabu ambao haukupita mkononi mwangu, amezungukwa na watu ninaowajua wote, mpaka jirani yangu muuza mkaa. Chakula kinaonekana. Keki inaonekana. Mimi niko nyumbani nachambua mchele, na mpaka nilipofungua simu nilikuwa mtu mwenye furaha zake. Jioni ile mchele uliungua na nikamgombeza kila aliyepita karibu na jiko.

Mama huyo huyo ndiye aliyenipeleka semina. Ilikuwa semina ya afya ya akili kwa watu wazima, katika hoteli yenye mazulia mazito, na nilikwenda kwa sababu niliona stetasi za watu waliokuwa wanakwenda. Mtaalamu alikuwa kijana nadhifu aliyerudi kutoka masomoni Ulaya. Akatueleza kwamba tunaumwa hofu ya kupitwa, na kwamba kinachotusaidia ni kuwa na akili inayonyumbulika. Alieleza vizuri, sitamsingizia. Mtu wa namna hiyo, alisema, akijiwa na hisia mbaya haikimbii wala haitii. Anaiacha ikae naye chumbani huku yeye akiendelea na lile analoliona la maana. Watu wakatikisa vichwa kama watu waliokuwa wakilijua jambo hilo tangu utotoni. Kisha akatuomba tuweke simu chini tufumbe macho. Ukumbi mzima ukainua simu kumrekodi akituomba tuweke simu chini. Mama wa Kiyovu alisimama kabisa ili kichwa cha mtu wa mbele kisimharibie picha. Mimi sikumrekodi. Simu yangu ilikuwa imejaa.

Basi ni katika siku hizo kaka yangu alipokuwa akimwoza binti yake.

Kaka yangu ni mtunza stoo katika ghala moja huko Masoro. Ni mtu mwenye sauti ya chini na maneno ya kuhesabu, na simu yake ni ya vitufe. Anasema msiba ukitokea atapigiwa, na harusi ikiwapo ataletewa kadi, basi haoni hayo mengine ni ya nini. Alimtafutia binti yake nafasi pale ghalani, ofisini, kwenye kiti cha kuzunguka. Alimwombea nafasi hiyo kwa wakubwa wake, yeye ambaye hajawahi kumwomba mtu kitu. Binti akaikataa, akaenda kujifunza kuoka keki. Kaka hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Alinyamaza. Tangu hapo baba na mwana wakawa wanasalimiana asubuhi na kuombana chumvi mezani, basi, mwaka mmoja, na mwingine. Binti akapata mchumba, fundi wa kompyuta, kijana mpole asiye na kasoro ila kupiga picha chakula mpaka kinapoa. Kaka alipoulizwa, akakubali kwa kichwa.

Wiki ya sherehe binti alikuja kupima mshanana wake. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, pini mdomoni.

"Shangazi," akaniambia, "siku ile Baba iko atasema?"

"Msemaji ndiye anayesema. Baba yako atakaa."

"Oya, hapana. Mama anasema iko na neno yake mwenyewe. Ameomba msemaji amuachie nafasi. None se, sasa itakuwa neno gani? Ya kunibariki ama ya kunilaumu mbele ya watu?"

"Nani amekuambia bi harusi analaumiwa siku yake?"

"Baba unamujua. Hajaniambia kitu tangu ile mambo ya kazi. Na mimi niko nitafungiwa ndani, Shangazi! Watu wote watasikia, mpaka wapiga ngoma, ni mimi tu sitasikia."

Alilosema lilikuwa kweli. Siku ya gusaba, yaani ya kuomba mke, familia mbili hukaa chini ya mahema zikitazamana, kila upande na msemaji wake, na wazee hao wawili hutaniana mpaka watu washike mbavu. Msemaji wa upande wa msichana hukana: hatuna binti, tuliyekuwa naye alishakwenda ng'ambo, nyinyi nani aliwaelekeza hapa? Wenzao hubembeleza na kuahidi ng'ombe. Muda wote huo bi harusi yuko chumbani amefichwa, na shangazi yake, dada wa baba, yuko naye. Shangazi ana kazi ya kumpa maneno ya mwisho ya kikubwa, na kazi ya kukaa karibu na mlango akisikiliza. Msemaji akisema "mleteni mtoto", wasichana wanaimba, shangazi anafungua, bi harusi anatoka polepole. Mashangazi wa ukoo wetu walifanya kazi hiyo kwa masikio yao tu, na hakuna bi harusi aliyewahi kupotea njiani.

Mimi nikaona nina akili kuwashinda. Kuna binamu yake bi harusi ambaye hawezi kumenya ndizi bila kwenda laivu. Nikamwambia akae mbele na arushe sherehe yote, sisi tutaitazama chumbani. Binti alinikumbatia kwa furaha. Baba akisimama, atamwona na kumsikia kama mtu mwingine yeyote.

Sherehe ilifanyika katika bustani ya kukodi, mlimani, na chumba cha bi harusi kilikuwa na mlango wa kahawia unaotazama hema moja kwa moja. Nyuma ya chumba palikuwa na jenereta. Tulipofungua laivu hatukusikia neno. Nikafunga mlango. Nikafunga dirisha. Nikavuta na pazia ili mwanga usitusumbue kwenye kioo, nikaongeza sauti ya simu mpaka mwisho. Hema lenyewe lilikuwa karibu kiasi kwamba mtu angeweza kuomba chumvi akasikika, na sisi tukalifungia nje ili tulione vizuri. Wakati ule lilionekana jambo la akili sana.

Tukakaa kitandani vichwa vimegusana, tukaitazama gusaba yetu. Tuliona viatu vya watu. Tuliona mama wa Kiyovu mstari wa mbele, sijui nani alimwalika, ila safari hii mshanana ulikuwa wangu na ulimkaa. Maneno ya kikubwa niliyoyaandaa wiki nzima niliyasema kila picha ilipokwama.

"Mume ukimkuta amekasirika, mwanangu, usimjibu pale pale, kwanza... imerudi! Imerudi, tazama, kumbe wameleta na wapiga zeze!"

Mpaka leo binti huyo hajui la kufanya mumewe akikasirika, kwa sababu baada ya zeze sikurudi tena kwenye habari ile.

Kila mara aliuliza, "Baba bado hajasimama?" Nikamjibu bado. Msemaji wetu alikuwa akieleza kwamba binti wanayemtaka alikwenda kusoma mwezini na huko hakuna magari ya kurudi. Bi harusi alicheka, kisha akashika mkono wangu asiuachie.

Nilichokuwa sikijui, mimi mwerevu, ni kwamba laivu huchelewa. Yanayotokea pale nje hupanda sijui wapi, yakazunguka sijui kwa nani, ndipo yanakuja kwako. Na siku ile kila mgeni alikuwa laivu, njia ikabanana, yetu ikabaki nyuma kabisa. Sisi tunamwona binti yuko mwezini, nje alishaitwa.

Yaliyotokea niliyapata baadaye kwa wifi yangu, mke wa kaka. Msemaji alisema mleteni mtoto. Wasichana wakaimba. Wageni wote wakageuka na kuelekeza simu kwenye mlango wetu, maana hakuna aliyetaka kupitwa na bi harusi akitoka. Mlango haukufunguka. Wimbo ukaisha, wakauanza upya. Mlango kimya. Upande wa kijana wakaanza kunong'ona kwamba msichana amekataa. Mama mkwe akaiweka soda yake chini. Kijana akawa anafuta uso kwa ncha ya nguo yake ya kitamaduni, iliyokuwa ya kukodi.

Kaka yangu alikuwa amepanga kusema neno lake binti akiwa amesimama mbele yake. Alikuwa ameshasimama, kipaza sauti mkononi, na binti haji. Msemaji akamkonyeza aseme chochote, wajaze pengo. Kaka akakitazama kile kipaza sauti, akakirudisha mezani, akasema neno lake kwa sauti ile ile anayoombea chumvi. Wageni tele, na wote walikuwa wamempa mgongo.

Wifi yangu hakusikia kwa sababu yeye ndiye aliyekuja kutugongea.

"Muko munafanya nini humu ndani? Wanawaita tangu kitambo! Mana yanjye, Mungu wangu, munataka tufe na haya?"

"Waambie watulie," nikamjibu, na nikamwonyesha simu. "Msemaji bado anaongea."

Wifi akaitazama simu. Kisha akanitazama mimi. Tumeishi naye vizuri miaka yote, lakini mtazamo ule sikuwahi kuuona kwake na sitaki kuuona tena.

Tukatoka. Watu wakapiga vigelegele vya kupumua zaidi ya vya kushangilia. Binti alitembea vizuri, na mshanana ulimkaa, nalisema hilo bila haya. Baba yake alikuwa ameshaketi. Alimtazama, akainua kichwa kidogo, akakishusha. Sherehe ikaendelea.

Bi harusi alianza kuuliza kabla hata keki haijakatwa. Baba alisema nini? Mchumba alikuwa akitazama mlango. Mama mkwe alikuwa akitazama mlango. Wazee waliokaa naye meza moja walisema alisema vizuri, maneno mazito sana, na hakuna aliyekumbuka hata moja. Mama wa Kiyovu alisema yeye alilia. Nikamuuliza alilia kwa neno gani. Akasema kwa ujumla.

Haidhuru, binti akasema, simu zote zile haziwezi kukosa. Akaomba video kwenye kikundi cha wageni. Zikamiminika mpaka simu yake ikawa ya moto. Akanijia dukani baada ya harusi, akakaa kwenye stuli ya wateja, tukazitazama pamoja. Mlango. Mlango wa kahawia kutoka kushoto, mlango kutoka kulia, mlango umelala ubavu. Mlango na mbele yake uso wa mama wa Kiyovu akijirekebisha kitambaa. Unasikia wimbo, unasikia jenereta, unasikia mtu anauliza "ako wapi huyu?", na nyuma ya yote hayo, mbali, sauti ya mwanamume mzima.

"Sikiliza hapa," akaniambia, akanipachika spika moja sikioni. "Hapa. Iko anacheka ama iko analia?"

Nilisikiliza kwa bidii yote niliyo nayo. Sikujua.

Aliendelea kuja. Anakaa kwenye stuli ile, anaongeza sauti, anarudisha nyuma, anatazama mlango umefungwa. Nikakasirika. Nilikasirikia simu, nikamkasirikia yule binamu, na nikajikasirikia mimi niliyevuta pazia. Mtoto huyu alikuwa ameolewa, ana nyumba, ana mume anayempenda na chakula chao kilichopoa, na roho yake yote imebaki nje ya mlango ambao yeye mwenyewe alikuwa ndani yake.

"Muulize baba yako," nikamwambia.

"Siwezi."

"Yuko hai, anaishi nyumba ya tatu kutoka msikitini, ana mdomo. Muulize."

"Na kama alisema ni kwaheri tu? Ama kama alisema amechoka na mimi?" Akafuta macho. "Hivi, Shangazi, inaweza kuwa kitu chochote. Nikiuliza itakuwa ile moja."

Nikamwambia kwamba Jumamosi ya umuganda, siku ya kusafisha mtaa, baba yake atakuwa nyumbani kuanzia mchana, na kwamba nitakwenda naye hata kama ni kwa kumvuta sikio.

Tulimkuta sebuleni, buti za matope zimeachwa mlangoni, anakunywa chai. Watu walikuwa bado wanaposti picha zao za umuganda, jembe mkononi na shati limepigwa pasi. Wifi alikuwa amekwenda sokoni. Binti akamsalimia, akakaa kwenye ncha ya kiti, akaitoa simu na kuiinua mbele ya kifua.

"Baba. Siku ya gusaba ulisema nini?"

Kaka aliitazama ile simu.

"Hiyo inafanya nini?"

"Inarekodi. Sitaki kupitwa tena."

"Sawa," kaka akasema. "Ngoja imalize."

Akaendelea na chai yake. Binti akangoja, simu juu, akabadilisha mkono. Kaka akajikuna goti. Akatazama buti zake. Hakuwa na hasira, hakuwa na haraka. Alikuwa anangoja kama mtu anayesubiri mvua ipite. Ilichukua muda mpaka binti akaelewa. Akaizima, akaiweka mezani kifudifudi, na ilipopiga kelele ya ujumbe hakuigusa.

Kaka akaweka kikombe chini. Alinitazama mimi.

Mimi nilikuwa nimekaa vizuri sana. Nilikuwa na kikombe kilichojaa na mto mgongoni, na nilikuwa nimesogeza kiti karibu kwa sababu ya ile sauti yake ya chini. Nilikuwa na haki ya kukaa. Mimi ni shangazi mtu, mambo ya binti huyu ni mambo yangu, kwetu shangazi hafukuzwi kwenye jambo kama lile, na kaka yangu hakunifukuza. Alinitazama tu. Na binti naye akageuka, akanitazama.

Niwaambie ukweli, sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kubaki kwenye kiti kile.

Nikainuka na kikombe changu. Nikafunga mlango nyuma yangu. Nilipofika barazani nikasikia sauti ya kaka inaanza, ya chini, taratibu, na miguu yangu ikasimama yenyewe. Ukuta wa nyumba ile ni mwembamba. Ningeinamisha kichwa kidogo tu ningelipata lote. Nikaenda mpaka getini. Pale nako nikahisi kama nasikia, basi nikatoka njiani nikamkamata jirani muuza mkaa na kumsalimia kwa sauti ya kuamsha mtaa, nikamuuliza habari za watoto, za mkaa, za mguu wake, za mtu aliyemshonea mama wa Kiyovu ule mshanana wa kwenye hoteli. Maskini alinijibu yote, akidhani nimepatwa na wazimu.

Binti alitoka baada ya muda mrefu. Macho yalikuwa yamevimba na kilemba kimekwenda upande. Simu alikuwa ameisahau mezani, ikabidi arudi kuichukua. Tukashuka pamoja mpaka kituo cha pikipiki, na njia nzima nilizungumza habari ya bei ya vitambaa.

"Shangazi," akasema tulipofika, "huniulizi?"

"Sikuulizi."

Akanishika shingoni, akanibana, akapanda pikipiki akaenda kwake.

Mpaka leo sijui kaka yangu alisema nini. Kaka hasemi, binti hajasema, na mimi sijauliza. Inaniwasha nikishona, inaniwasha nikiswali, inaniwasha nikimwona kaka anapita barabarani na mfuko wake wa sukari. Acha iniwashe.